Usiitike Kwenye Reli

Nilipokuwa bado mtoto wa kuvushwa reli kwa kushikwa mkono, niliamini kwamba vyuma vile viwili vililijua jina langu. Sikuwa peke yangu. Ploti yetu nzima iliamini hivyo, na ploti za jirani pia. Hata wazima waliolicheka jambo hilo wakiwa wameketi nyumbani na kikombe cha chai hawakucheka walipokuwa wamesimama juu ya mataruma yanayobeba vyuma vile. Reli huita, walisema. Humchagua mtu, ikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya mtu anayemfahamu. Akiitika au akigeuka, basi.

Tuliishi Nairobi, upande wa viwanda, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, na mfereji wa maji machafu katikati. Kila kitu tulichokihitaji kilikuwa ng'ambo ya pili. Shule yangu ilikuwa Mbotela, kanisa la bibi yangu lilikuwa Kaloleni, na soko lilikuwa mbele kidogo, karibu na barabara ya Jogoo. Kwenda kote huko ilibidi upande tuta la reli. Hapakuwa na geti, wala kengele, wala mtu wa kushika bendera. Kivuko cha magari kilikuwa mbali kiasi kwamba hakuna aliyekifikiria. Chetu kilikuwa kijia kilichochongwa na miguu ya watu. Kando yake kidogo, mtu fulani alikuwa amelaza mbao kati ya vyuma ili mikokoteni ipite. Mvua ilikuwa imezila mbao hizo, na nyingine zilikuwa zimeng'olewa usiku na kugeuzwa kuni.

Bibi yangu nilimwita Susu, kama Wakamba tunavyomwita bibi. Ndiye aliyenilea. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, na Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Alikuja nyumbani kama mgeni. Alikuwa akilala mchana kutwa, tunanong'ona ili tusimwamshe, halafu kesho yake hayupo tena. Nilimpenda kwa jinsi mtu anavyopenda sikukuu. Aliyekuwapo siku zote alikuwa Susu, na Susu alikuwa mtu wa maneno machache, mengi yao yakiwa maonyo.

Onyo lake la reli alinipa siku niliyoanza kwenda shule bila yeye. Alinisimamisha chini ya tuta, akanifunga kifungo cha juu cha sweta.

"Mwende, ukiwa kwenye reli ukaitwa, usiitike. Hata ukisikia ni sauti yangu. Vuka kwanza. Ukifika chini upande ule, kama ni mimi, nitakuita tena."

"Na kama si wewe?"

"Basi hutaitwa tena."

Sisi watoto tuliongeza yetu juu ya ya wazee. Kabla ya kuvuka tuliokota kokoto ndogo tukaiweka mdomoni, chini ya ulimi, ili hata mtu akisahau asiweze kuitika. Nilivuka kila asubuhi na rafiki yangu Njeri, tumeshikana mikono, midomo imejaa mawe, macho mbele. Mama yake, Mama Njeri, ambaye alikuwa akiuza mboga sokoni, alitembea mbele yetu na gunia lake mgongoni. Hakuna aliyesema neno mpaka tumeshuka tuta. Tulipofika chini tulitema kokoto na kuanza kucheka bila sababu, kama watu waliotoka msibani.

Leo naona akili iliyokuwa ndani ya hofu ile. Anayesimama kwenye reli kusikiliza ni mtu aliyesimama kwenye reli. Mfanyakazi mmoja wa viwandani aliyerudi kuokota kiatu chake, na ambaye watu walisema aliitwa, alikufa kwa sababu alirudi. Watu wetu hawakupewa geti la chuma, wakajitengenezea la maneno, na kwa miaka mingi lilifanya kazi. Lililinda watu wengi. Sina haki ya kulidharau.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye geti hilo halikumfikiria.

Anti Wairimu aliishi chumba cha kwanza, karibu na mlango wa ploti, kwa kuwa ndicho pekee kisichokuwa na ngazi mlangoni. Polio ilimwacha bila miguu ya kutembelea tangu akiwa mdogo huko kwao Murang'a. Alikuwa na mabega mapana kama ya mwanamume na kiti cha magurudumu ambacho kanisa lilimsaidia kupata. Alifuma sweta za shule kwa mashine, katika kibanda upande wa Mbotela, na kila asubuhi mpwa wake Kamau alimsukuma kuvuka reli. Hakuwa na mume wala mtoto. Jioni, Susu akiwa bado kwenye shughuli zake za kanisa, nilikuwa nikikaa kwake nikimshikia uzi auzungushe kuwa donge.

Urafiki wetu ulianza kwa ukimya. Siku ya kwanza nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nimenyoosha mikono yenye uzi, bila kusema kitu, mpaka akaniuliza, "Wewe huongei?"

"Naongea."

"Basi ongea."

Nikaongea. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba kiza kiliingia nikiwa bado naongea, na kwamba alikuwa mtu mzima wa kwanza ambaye hakunikatiza ili anitume dukani. Aliniita Mwende wa Susu. Alijua majina ya watu wote wa mtaa, kwa sababu alikuwa amewapima watoto wa karibu kila nyumba kifua na mikono.

Nilimwuliza siku moja kama anaogopa kuitwa na reli. Alicheka mpaka donge la uzi likaanguka.

"Mimi hata ikiniita, nitakimbilia wapi? Ingoje kwanza Kamau anisukume."

Kabla ya kutoka nyumbani, Kamau alimfunga kwa leso, yaani kanga. Aliizungusha kiunoni mwake, akaipitisha nyuma ya kiti na kukaza fundo mgongoni, kwa kuwa kiti kilitikiswa sana na kokoto na miguu yake haikuweza kumzuia asiteleze. Nimelieleza fundo hilo kwa sababu ndilo lililotaka kumwua.

Nilikuwa darasa la nne. Ilikuwa Julai, na mtu aliyekulia Nairobi anazijua asubuhi za Julai: ukungu umelala chini, manyunyu hayaonekani ila nywele zinalowa, na moshi wa viwandani unakataa kupanda. Kamau alikuwa mgonjwa wa malaria, hawezi hata kukaa. Anti Wairimu alikuwa na sweta za watu za kumaliza. Jirani mmoja alimfunga leso, na yeye mwenyewe akaendesha kiti kwa mikono yake mpaka chini ya tuta. Huko mwanamume mmoja mpita njia alimsukuma mpaka juu, akamwambia pole kwa baridi, akashika njia yake. Alidhani sehemu ngumu imekwisha. Haya yote Anti Wairimu alinisimulia baadaye.

Sisi tulipita kwenye kijia cha miguu, Mama Njeri mbele, mimi na Njeri nyuma. Mbao za mikokoteni zilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, lakini ukungu ulikuwa mzito hata gunia la Mama Njeri lilikuwa linaonekana na kupotea. Tulikuwa juu ya mataruma niliposikia sauti.

"Mama Njeri!"

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka upande, ndani ya weupe ule, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mama Njeri alisita kidogo sana, mguu mmoja hewani. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamkamata Njeri kifundo cha mkono, akamvuta. Njeri alinivuta mimi. Tukashuka tuta karibu kuanguka.

"Baba Musyoka! Baba Musyoka, ni mimi!"

Kivuli cha mwanamume kikatupita upande wa pili, kikienda viwandani. Kilikuwa kinatembea. Kiliposikia jina hilo, kikaanza kukimbia.

Halafu ikaja yangu.

"Mwende! Mwende wa Susu!"

Siwezi kumweleza mtu ambaye hakukulia pale jinsi damu yangu ilivyofanya. Nilikuwa nimefika chini ya tuta. Nilikuwa nimefanya yote niliyoambiwa. Mbele yangu Mama Njeri alikuwa anasali kwa Kikuyu, haraka haraka, bila kugeuka. Njeri alinikaza mkono, macho yake makubwa, kokoto ikiwa imevimbisha shavu. Nilisimama. Sauti ya mtu ninayemfahamu, ndivyo walivyosema, itakuja kwa sauti ya mtu unayemfahamu. Nami niliifahamu.

Nilikuwa nangoja inyamaze. Kama ni reli, Susu alisema, haitaita tena.

"Mwende!"

Nilitema kokoto.

"Naam!" nikasema.

Njeri aliniachia mkono kana kwamba umemchoma.

Nilipanda tuta kwa mikono na magoti. Nilimkuta kwenye mbao. Gurudumu dogo la mbele lilikuwa limetumbukia kwenye mwanya kati ya ubao uliooza na chuma cha reli, na kiti kilikuwa kimeinama kama mnyama anayekunywa maji. Anti Wairimu alikuwa ameshika magurudumu makubwa kwa mikono yote miwili, shingo imemtoka mishipa. Aliponiona hakutabasamu. Alitazama nyuma yangu kuona nani mwingine anakuja.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Alifumba macho kidogo tu, akayafumbua. "Sawa. Fungua leso. Fundo liko nyuma, mimi silifikii. Nikitoka kwenye kiti najua kujivuta."

Leso ilikuwa imelowa manyunyu. Yule jirani aliyemfunga hakuwa na mkono wa Kamau. Alikuwa amefunga fundo juu ya fundo, kwa wema wake. Nilivuta, likazidi kukaza. Ndipo garimoshi la abiria lilipopiga honi, mbali, upande linakotoka kila asubuhi likielekea mjini. Ukungu ulifanya honi ionekane inatoka kila mahali.

"Anti, linakuja."

"Nalisikia. Usivute. Sukuma kidole ndani ya fundo, litanue."

Vidole vyangu havikuwa na hisia kwa baridi. Niliinama nikauma fundo kwa meno. Nakumbuka ladha yake mpaka leo, sabuni ya kipande na moshi wa jiko. Nilihisi reli ikianza kuimba chini ya magoti yangu, mlio mwembamba, na nikafikiri kwa akili yangu ya kitoto kwamba kumbe hii ndiyo sauti yake halisi, na haijui jina la mtu yeyote.

"Mwende, nisikilize. Likifika karibu, uruke. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Sema nitaruka."

"Nitaruka."

"Usiniangalie. Ruka tu."

Niliita pia. Niliita kwa nguvu zangu zote: Mama Njeri, Baba Musyoka, majina ya watu wa ploti, yeyote. Nilijua walikuwa karibu. Nilisikia hata viatu kwenye kokoto. Kila nilipoita jina, viatu vilikwenda kasi zaidi. Sijawahi tangu siku hiyo kujihisi niko mbali na watu kama nilivyojihisi pale, katikati ya mamia ya watu wanaokwenda kazini.

Kisha fundo la juu likalegea, na la chini likafuata. Anti Wairimu alijitupa pembeni kwa uzito wake wote. Alianguka juu ya kokoto, akajivuta kwa viwiko, mimi nikimvuta kola ya koti, na tukabingirika pamoja kwenye tuta mpaka kwenye matope. Niligeuka nikaona taa za garimoshi zikitoka ndani ya ukungu, halafu madirisha ya manjano, halafu watu wamening'inia milangoni wakitutazama. Mlio wa kiti ulikuwa mfupi. Nilidhani ungekuwa mkubwa zaidi.

Watu walikuja baada ya hapo. Walikuja wengi, kutoka pande zote mbili, na wote walikuwa wanasema maneno yaleyale.

"Kumbe ni Wairimu!"

"Ai, Wairimu, si ungesema ni wewe?"

"Nilisema," alijibu. Alikuwa ameketi matopeni, viwiko vinatoka damu, anajaribu kuivuta sketi yake ifunike miguu. Nilivua skafu yangu nikamfunika.

Mama Njeri alirudi mikono ikiwa kichwani. "Nilisikia jina langu," alisema, "nikadhani..." Alipiga magoti akaanza kufuta damu kwenye viwiko vya Anti Wairimu kwa kanga yake, na alilia sana, kuliko sisi wawili tuliotoka relini.

Nyumbani, Susu alikuwa amekwisha kupata habari. Alinikalisha kwenye kigoda, akamimina maji ya moto kwenye karai na kuanza kuniosha magoti yaliyochubuka. Aliuliza swali moja tu.

"Uliitika?"

"Niliitika, Susu. Iliita tena."

Aliendelea kuniosha mpaka maji yakapoa.

Kwa siku kadhaa nilikuwa shujaa. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa. Baba alipiga simu kutoka mpakani Malaba, sauti yake inakatikakatika, akasema nimefanya vizuri, akauliza kama nina viatu. Njeri aliendelea kunishika mkono tukivuka, ingawa kwa vidole viwili tu.

Kisha, kabla mwezi haujaisha, kijana mmoja mgeni, ambaye hakuna aliyemjua jina, aligongwa na garimoshi la mizigo palepale kwenye kijia chetu. Alikuwa amevaa vidude vya kusikilizia muziki masikioni. Nilidhani kila mtu angeliona hilo. Lakini jioni, kwenye foleni ya maji, niliwasikia wanawake wakisema kwamba reli ilinyimwa mtu wake, ikachukua mwingine. Na aliyeinyima ni nani? Na sasa si inalijua jina lake, maana aliitika?

Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenitukana. Ilikuwa tu kwamba kila asubuhi, nilipofika chini ya tuta, watu walikuwa wamekwisha kuvuka, au walikuwa wamekumbuka kitu nyumbani. Akina mama wakawa wanawavuta watoto wao upande wa pili wa kijia. Siku moja Njeri alinisubiri nje ya choo cha shule, peke yake, akiangalia viatu vyake.

"Mathe amesema tusivuke na wewe," alisema, kwa neno alilomwitia mama yake. "Si kwa ubaya."

"Mpaka lini?"

"Hakusema."

"Shuleni je?"

"Shuleni hakusema kitu," alijibu, lakini tangu siku hiyo alihamia dawati lingine.

Nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba wananiogopa mimi. Leo nina umri uliozidi wa Mama Njeri wa wakati ule, na nadhani si hivyo tu. Alikuwa mwanamke mwema. Alikuwa akimpa Susu mboga zilizobaki bila kuombwa. Nafikiri kila aliponiona nimevaa sare, na mkoba mgongoni, aliisikia tena ile sauti ikimwita yeye kwanza. Nilikuwa kitu ambacho hakukifanya, na nilikuwa napita mlangoni kwake kila siku nikimwamkia, "Shikamoo, Mama Njeri." Alikuwa akiitikia "Marahaba" huku akitafuta kitu ndani ya gunia.

Susu aliyaona yote. Alivumilia mpaka Jumapili moja tulipokuwa tunakwenda kanisani Kaloleni, yeye katika sare yake ya chama cha akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Watu walikuwa wengi pande zote mbili za tuta, kila mtu na Biblia yake. Susu alitazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, akahakikisha njia ni nyeupe mbali kabisa. Kisha akaniambia nivuke nisimame ng'ambo. Nikavuka. Yeye akapanda mpaka katikati ya vyuma viwili, bibi mzee mwenye mkongojo, akasimama.

"Mwende!" aliita.

Mtu mmoja alisema, "Yesu."

"Mwende!" aliita tena, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

"Naam, Susu!"

"Njoo unishike mkono."

Nilirudi juu, mbele ya macho yote hayo, nikamshika mkono. Tukavuka pamoja taratibu, kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa. Tulipofika chini alitema mate kidogo kifuani pangu, kama wazee wa kwetu wanavyobariki, akanifuta kwa kiganja. Hakuniomba msamaha na hakueleza chochote. Mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia hata neno.

Ningependa kusema kwamba jambo hilo lilibadilisha mtaa. Halikubadilisha. Watu walimheshimu Susu, wakasema ni mzee, amefanya lake. Jumatatu nilivuka peke yangu. Nilivuka peke yangu mpaka nikamaliza darasa la nane. Lakini tangu Jumapili ile sikuweka tena kokoto mdomoni, na sikuogopa jina langu mwenyewe.

Anti Wairimu hakupona upweke wake hata kwa kiasi hicho. Bila kiti hakuweza kutoka. Mashine yake ilikuwa ng'ambo ya reli, na hakuna aliyekuwa na mgongo wa kumbeba kila siku. Nilikaa naye jioni, lakini hapakuwa na uzi wa kushika. Tulikuwa tunasikiliza redio. Wakati mwingine garimoshi lilipita, mabati yakatetemeka, na sauti ya redio ikamezwa mpaka limalize kupita.

Mwishoni ndugu zake wa Murang'a walikuja kumchukua. Gari walilokodi halikuweza kuingia kwenye vichochoro vyetu, likasimama upande wa Mbotela, kwa hiyo ilibidi avushwe reli. Kamau na kaka yake walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe cha hotelini, wakakibeba mmoja huku na mmoja huku. Mimi nilibeba redio. Ilikuwa mchana mweupe na milango ya ploti ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyetoka.

Juu ya tuta aliwaambia wampumzishe. Kamau hakutaka, ila alimtua. Anti Wairimu alitazama zile mbao. Mtu alikuwa amekwisha kung'oa ubao mwingine.

"Siku ile niliita watu wengi," aliniambia. "Kabla yako. Wengine wewe hukusikia nikiwaita."

"Walidhani ni reli, Anti."

"Najua. Usiwachukie. Walikuwa wanaogopa kweli." Alifikiri kidogo. "Lakini nilikuwa nawaita kwa majina, Mwende. Nilidhani mtu akiitwa kwa jina lake atajua ni mtu anamwita."

Walimnyanyua, wakashuka. Alipokwisha kuingia garini nilimpa redio kupitia dirishani, akaniambia nisome kwa bidii, jambo ambalo watu wazima husema wakiwa hawana lingine. Niliwapungia mkono mpaka wakaingia barabara ya Jogoo.

Nilipita pale mwaka huu. Susu amelala kaburini kwao Makueni siku nyingi, Baba ameacha kuendesha, na ploti yetu imegeuka ghala. Tuta limezungushiwa ua wa waya, na juu ya reli kuna daraja la chuma la waenda kwa miguu. Ni zuri, nililipanda nikafurahi. Ila ni la ngazi tupu, ndefu na zenye mwinuko mkali, huku na huku. Chini yake ua umetobolewa, na nilipokuwa nimesimama pale niliwaona wakipita kwenye tobo hilo mzee wa magongo, mama mwenye mimba kubwa, na mwanamume mwenye mkokoteni wa maji. Walivuka wakiangalia mbele. Sikuwauliza wanaamini nini.

Nimejaribu kutowachukia, kama nilivyoagizwa, na siku nyingi naweza. Hofu ile iliwafaa wenye miguu. Daraja hili nalo linawafaa wenye miguu. Nadhani hilo ndilo nililojifunza nikiwa darasa la nne bila kuwa na maneno yake: kwamba watu wema wanaweza kujenga kitu cha kuokoa maisha, wakakitumia vizuri miaka yote, na wasitambue nani wamemwacha upande wa pili anaita.

Kuhusu Anti Wairimu sikupata habari tena. Kamau alihama, namba yake ikapotea, na Murang'a ni kubwa. Angekuwa mzee sasa. Ninalojiuliza si kubwa. Najiuliza tu kama alipata kiti kingine.